Duara Lililokataa Kufungika



Majuma kadhaa yaliyopita niliandika katika safu hii kwamba mchezo wa kompyuta ni mwizi aingiaye nyumbani mchana kweupe, akabeba saa za watoto wetu huku sisi wenyewe tukimlipia umeme. Niliandika kwa ukali, na wako walionishukuru. Sikujua kwamba dada yangu alikuwa ameukata ukurasa ule na kuubandika kwenye mlango wa friji.

Ijumaa asubuhi akanipigia simu. "Kaka," akasema, "mpwa wako leo ni siku ya nne yuko mbele ya kompyuta. Chakula apelekewe, sala ya Adhuhuri aisali wakati unakwisha, akiitwa haitiki. Nimemsomea maneno yako, akanambia mjomba hajui alichokiandika. Basi njoo baada ya Alasiri uhukumu mwenyewe. Ukisema ifungiwe, leo hii naitia kabatini, na ufunguo nakupa wewe."

Nilikwenda nikiwa nimekwisha hukumu njiani, jambo ambalo kadhi yeyote angenikemea kwalo.

Nilimkuta kijana amekaa sakafuni, kompyuta juu ya kigoda, macho mekundu. "Shikamoo mjomba," akasema bila kuinua uso. Nikaitikia marahaba, nikavuta mkeka. Kwenye kioo kulikuwa na roketi imesimama ufuoni, bahari mbele yake. Akabonyeza kitufe, moto ukatoka chini, roketi ikapanda, ikapanda, ikawa nukta. Baada ya dakika chache ikaanza kurudi, ikaanguka majini. Kijana akapiga paja lake kwa ngumi. Nikamwuliza ni mara ya ngapi. "Nimeacha kuhesabu," akajibu.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Ulibuniwa nchini Mexico, katika kampuni ya Squad, na Felipe Falanghe, mtu ambaye ujanani mwake alikuwa akitengeneza vijitu vya karatasi ya bati na kuvifunga kwenye fataki ili viruke. Ulitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo kamili likafuata mwaka 2015. Nilitarajia bunduki na damu; sikuziona. Mchezaji hupewa matangi ya mafuta, injini, na vijitu vya kijani vyenye macho makubwa, kisha huachwa peke yake mbele ya sheria za maumbile. Sayari yao, Kerbin, ni ya kubuni. Kutoka kitovuni hadi usoni mwake ni kilomita 600 tu, ilhali Dunia yetu ina yapata kilomita 6,371. Lakini uvutano ulio usoni mwake umewekwa sawa na wa kwetu, na angahewa yake inakoma kwenye kimo cha kilomita 70.

Kilichonishtua ni ule ufuo. Kiwanja cha kurushia roketi katika mchezo huo kiko karibu na ikweta, pwani ya mashariki, na kila chombo hupaa na kuelekea baharini. Ufuo wa namna hiyo tunao sisi. Kaskazini ya Malindi, kule Ngomeni, yako majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini na Waitaliano miaka ya 1960, San Marco na Santa Rita, na kutoka hapo setilaiti ya kwanza ilirushwa mwezi Aprili mwaka 1967. Nilimwuliza kijana kama anajua sababu ya kuchagua ikweta na mashariki. Alijua vizuri kuliko nilivyotazamia. Sayari inazunguka kuelekea mashariki, akasema, na kwenye ikweta ndiko ardhi inakokwenda kasi zaidi. Roketi inayoelekea matlai huanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Katika mchezo msukumo huo ni mita 175 kwa kila sekunde. Kwenye Dunia yetu ni mita 465 hivi, na Ngomeni, iliyo digrii tatu kusini ya ikweta, inaupata karibu wote.

"Basi kama unayajua haya," nikamwambia, "mbona chombo kinaanguka?"

Akanieleza. Siku ya kwanza alifanya kama afanyavyo kila mtu: alielekeza roketi juu, akawasha injini mpaka mafuta yakaisha. Ilifika kilomita 120, mbali kabisa na angahewa. Akashangilia. Kisha ikasimama, ikageuka, ikarudi kama jiwe. Alidhani, na mimi nakiri kwamba kwa miaka mingi nilidhani vivyo hivyo, kwamba ukifika juu ya kutosha uvutano hukuachilia. Sivyo. Kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na huko uvutano bado una takriban sehemu tisa kwa kumi za nguvu ulizo nazo hapa barazani. Waliomo ndani wanaelea kwa kuwa wanaanguka pamoja na chombo chao. Wanaanguka mchana na usiku, na hawafiki chini.

Jambo hili lataka kutulia. Isaac Newton wa Uingereza alilieleza katika karne ya 17 kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu. Sisi na tuchukue mizinga ya Fort Jesus, inayotazama bahari. Piga risasi kwa baruti kidogo, itaanguka karibu na ukuta. Ongeza baruti, itaanguka mbali zaidi. Kila risasi, ndogo au kubwa, hushuka takriban mita tano katika sekunde yake ya kwanza, hilo halibadiliki. Lakini bahari si meza. Uso wa Dunia umepinda, na kwa kila kilomita nane unazokwenda mbele, wenyewe huwa umeshuka mita tano. Basi kama si upepo wala milima ya kuizuia, na risasi ikaenda kilomita nane katika sekunde moja, itaanguka mita tano na ardhi nayo itakuwa imeshuka mita tano. Itakuwa pale pale ilipokuwa, kimo kile kile, ikiendelea kuanguka milele. Ndiyo obiti, au mzingo kama wasemavyo wengine. Na pengine si ajabu kwamba mzinga na mzingo vimekaribiana hivyo katika lugha yetu. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Mombasa hadi Malindi kwa muda wa sekunde kumi na tano. Kwenye Kerbin, iliyo ndogo na iliyopinda zaidi, yatosha kasi ya kilomita mbili na kitu.

Kwa hiyo kupanda ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kwenda kando. Kijana aligundua hilo siku ya pili, na kwa pupa ya ujana akailaza roketi mara tu ilipoondoka chini. Hewa ya chini ni nzito. Iliipiga ubavu, roketi ikabingirika na kupasuka vipande. Tatu, nne, tano zikaenda namna hiyo. Hatimaye akajifunza kuiinamisha kwa adabu: iondoke wima, ikishika kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde ielekezwe mashariki kidogo tu, kisha iachwe ijiinamishe yenyewe polepole, hata ikifika kilomita kumi iwe imelala nusu, na huko juu hewa ikiwa nyepesi iwe karibu sawa na upeo wa macho.

Alijaribu pia dawa ya tatu, ambayo wazazi tunaifahamu katika mambo mengine: akaongeza mafuta. Matangi juu ya matangi. Roketi ikawa nzito, mafuta mapya yakateketea kwa kuyabeba mafuta mapya, naye akafika pale pale. Hesabu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule. Nalitaja hili kwa kuwa nami nilishika chaki miaka mingi, na walimu hatusifiwi mara kwa mara.

"Sasa tazama," kijana akaniambia. Akarusha tena. Safari hii roketi ilipinda vizuri, akazima injini, akafungua ramani. Nikaona sayari, na juu yake mstari uliochora njia ya chombo: umepanda, umefika kileleni kwenye kimo cha kilomita 80, kisha ukashuka na kuzama katika bahari ya upande wa pili. Kilele kilikuwa na alama yake. Lakini palikuwa na alama nyingine, ya mahali pa chini kabisa pa njia ile, na tarakimu zake zilikuwa chini ya sufuri: kilomita 400 ndani ya ardhi.

"Obiti ninayo tayari, mjomba," akasema, "ila nusu yake imezikwa."

Sijapata kusikia jambo hili likielezwa vizuri zaidi. Kila kitu kinachorushwa, hata embe analotupa mtoto, kina njia ya duaradufu inayokizunguka kitovu cha Dunia. Ni vile tu ardhi imekaa katikati ya njia ikakizuia. Kuingia obiti ni kuutoa ule upande uliozikwa, kuuinua mpaka upite juu ya ardhi, juu ya angahewa, mpaka ulingane na kilele. Hapo duaradufu hugeuka duara.

Na hapa ndipo palipomshinda. Upande uliozikwa uko nyuma ya sayari, huwezi kuusukuma ukiwa kwake, maana ukifika kwake umekwisha anguka. Unausukuma kutoka upande wa pili kabisa. Ukiwa kileleni, ukawasha injini kuelekea unakokwenda, hupandi hata mita moja pale ulipo. Unaoinuka ni upande wa kule. Na ukiwasha kabla ya wakati, ungali unapanda, kilele chenyewe hukukimbia. Alinionyesha: aliwasha mapema, kilele kikaenda kilomita 200, kisha 300, mafuta yakaisha, na upande wa chini bado umo ardhini. Katika jaribio lililofuata akangoja hadi afike kileleni hasa ndipo awashe. Akachelewa. Injini yake ilihitaji karibu dakika nzima kufanya kazi ile, na dakika hiyo ilipokwisha alikuwa ameshaanza kuporomoka.

Nilimwona akitaka kuifunga kompyuta kwa hasira, nikakumbuka kilichonileta. Nikamwuliza, kwa sauti ya hakimu, kwani duara hili lina nini hata umgombeze mama yako kwa ajili yake.

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba kompyuta ile aliletewa na baba yake, ambaye huu ni mwaka wa tatu yuko Muscat kwa kazi ya injini za meli. Kila Ijumaa usiku baba hupiga simu. Zamani mazungumzo yao yalikuwa salamu, shule, msikilize mama yako, kwaheri. Tangu kijana alipomwambia habari za roketi, baba huanza na swali moja: "Imezunguka?" Kisha huzungumza nusu saa nzima, injini gani, mafuta kiasi gani, kwa nini imepinduka. "Leo ni Ijumaa," akasema.

Dada yangu alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Sidhani alikuwa akiyajua haya. Aliiweka sinia chini, akakaa.

Mimi sijui kuendesha roketi, lakini nimezaliwa nyumba ya nahodha. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba jahazi halitii usukani papo hapo. Ukingoja mpaka ufike kwenye mlango wa mto ndipo ugeuze, utageuka ukiwa juu ya mwamba. Nikamwuliza kijana: kama kazi ya injini ni sekunde hamsini, na mahali pake ni kileleni, mbona usiigawe? Sekunde ishirini na tano kabla ya kilele, ishirini na tano baada yake. Akanitazama kana kwamba nimezungumza Kigiriki, halafu uso ukafunguka. Baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wazoefu wote hufanya hivyo, na kwamba sikuvumbua chochote. Wakati ule nilijiona mkubwa sana.

Akarusha tena. Mita mia kwa sekunde, akainamisha. Kilomita kumi, imelala nusu. Kilele kikafika 80, akazima. Kimya. Chombo kikapanda chenyewe kwenye giza, kasi ikipungua hadi mita 1,540 kwa sekunde. Ili kukaa juu kwenye kimo kile yatakiwa mita 2,280 hivi; zilipungua 740. Dada yangu aliacha kumimina chai. Sekunde ishirini na tano kabla ya kilele akawasha. Tarakimu ya upande uliozikwa ikaanza kupanda: 300 chini ya ardhi, 200, 100, sufuri. Upande wa pili wa sayari mstari ukachomoza kutoka baharini. Kumi, thelathini, hamsini, 70, angahewa ikabaki chini yake. Hapo ikawa kama kichaa, kwani njia ikikaribia duara alama mbili zile hupoteza makao, zikakimbizana na kubadilishana mahali. Akazima.

Upande mmoja kilomita 81, upande wa pili 79. Tangi lilikuwa na mafuta ya kufunika kisoda.

Tulipiga kelele sote, dada yangu zaidi yetu. Lakini kijana alishatia uso mikunjo. "Si duara," akasema. "Zimepishana kilomita mbili."

Nikamrudisha Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na nchi hii. Ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksrei itokayo angani, nayo iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Je, setilaiti hiyo ilikuwa katika duara kamili? Upande mmoja wa njia yake ulikuwa kilomita 520 juu ya ardhi, upande wa pili 560. Zilipishana arobaini. "Nawe walia kwa mbili," nikamwambia.

Adhana ya Magharibi ikatoka. Mchezo una kitufe cha kuharakisha wakati, na kijana alikuwa ameunyosha mkono akibonyeze aone chombo kikizunguka mara moja kabla hatujaondoka. Nikamwambia akiache kilivyo. Kwa kimo kile mzunguko mmoja huchukua dakika 31 hivi. Tukatawadha, tukaenda msikitini, tukarudi bila haraka.

Tulimkuta dada yangu amekaa kwenye mkeka wake wa kusalia, ameugeukia ukuta wa kompyuta, tasbihi mkononi.

"Nimekaa naingoja ianguke," akasema. "Moto umezimwa, mafuta hakuna. Imekwenda upande wa usiku nikadhani imekwisha, mara naiona inatokea huku."

"Inaanguka, mama," kijana akamjibu. "Inakosa tu mahali pa kufikia."

Huko Muscat ilikuwa imepita saa mbili za usiku. Dada yangu hakungoja simu ipigwe. Aliipiga yeye, akaielekeza kwenye kioo, na kabla ya salamu tukasikia sauti ya shemeji ikiuliza swali lake.

Hukumu nilitoa baada ya chakula. Kompyuta isifungiwe kabatini. Itafunguliwa baada ya Alasiri na kufungwa ikiadhiniwa Magharibi, isipokuwa Ijumaa, na siku nyingine zote atakayeitwa na mama ataitika mara ya kwanza. Kijana alikubali upesi mno, kwa hiyo mama yake ameahidi kunipa habari. Kuhusu yale niliyoandika, sijayafuta yote. Michezo mingi niliyoiona katika nyumba za jamaa bado naiita mwizi, na siku nne ni siku nne. Lakini nilisema "mchezo wa kompyuta" kana kwamba ni mmoja, tena nikasema bila kuketi na yeyote anayeucheza. Katika hilo mpwa wangu alisema kweli: sikujua nilichokiandika.

Nilipokuwa nikiondoka nilimwomba dada yangu aubandue ule ukurasa kwenye friji. Alikataa. Atauacha hapo, alisema, mpaka huu utoke, aubandike kando yake, wageni wasome yote mawili.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea kwenye mada tuliyoiacha ya gharama za harusi.